Ljubljana Hatuna Jamaa

Natalie,

Ugali umo kwenye sufuria. Zamu yetu ya chumba cha kufulia cha jengo inaisha saa nane, nguo ziondoe kabla majirani hawajatubandikia karatasi ya malalamiko tena.

Asubuhi nilikukataza kusafiri kwenda mji wa Ljubljana peke yako kwa sababu hatuna jamaa huko, nikasema uende Kopenhagen kwa shangazi yako. Ukanijibu, "Mama, nataka kuona mji, si kumwoshea shangazi vyombo." Nikakufokea. Halafu nikajifungia bafuni nikacheka, maana ni kweli.

Nimesoma walichoandika wanawake waliokwenda huko peke yao. Wanatembea jioni bila wasiwasi, na wenyeji ni wakarimu. ~~Bado nakataa.~~ Nenda. Fika mchana, chukua chumba karibu na stesheni, unipigie kila jioni. Usipopiga, jua niko kwenye ndege.

Mama