Waya wa Simu Hadi Ghala la Ushirika

Jumatatu, 9 Machi 1998

Nimechuma chai hadi saa tatu, nikanawa, nikaenda kwenye kamati. Kikao cha saa nne kimeanza saa sita. Wafadhili wamerudia sharti lao. Wao watatoa kompyuta na modemu, na kulipia waya. Sisi tutatoa nguzo, pamoja na njia ya kuupitisha waya kutoka barabara ya Kebirigo hadi ghala la zamani la ushirika. Waya usipofika kabla ya mwezi kwisha, mashine itapelekwa soko jingine. Muda uliobaki tumebishana nani atashika ufunguo wa chumba. Chumba hakina hata mlango. Nimeudhika.

Alhamisi, 12 Machi

Kila boma liliahidi mkaratusi mmoja ulionyooka. Fundi wa simu amezikagua nguzo leo. Nyingine zimepinda kama mkia wa mbwa. Aliuliza kama tunajenga laini ya simu au zizi la mbuzi. Watu wakacheka. Mimi, mwenyekiti, sikucheka.

Binti yangu Kemunto amekwenda nyumba kwa nyumba kuomba nyingine. Alijifunza kompyuta Nairobi, akaacha kazi huko ili aje kufundisha hapa. Ameniambia wazi: "Tata, mashine ikienda, nami naenda." Mama yake hayupo tena. Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Jumapili, 15 Machi

Jana tulisimamisha nguzo. Leo mbili zimeng'olewa. Hakuna aliyeona, kama kawaida. Sababu naijua: kwetu, chochote kilichosimama wima ardhini ni mpaka. Kila mtu anaitaka simu, ila nguzo isimame kwa jirani.

Jumatano, 18 Machi

Kikwazo kilichobaki ni mdogo wangu, Mokaya. Fundi anataka nguzo kwenye mpaka wa shamba langu na lake, ule aliotuachia baba. Mokaya amekuja na panga, akaketi ukingoni mwa shimo.

"Mwalimu," ameniambia, "leo nguzo, kesho ua, keshokutwa hati yenye jina lako."

Nimemweleza hadi koo likakauka kwamba waya hauli ardhi. Akajibu kwamba maneno mazuri sijayaanza leo. Naibu wa chifu aliitwa. Akanywa chai, akasema sisi ni ndugu, akaondoka. Chai yangu.

Jumanne, 24 Machi

Upande wa pili wa shamba langu ni bonde. Fundi hawezi kupitisha waya huko. Siku zinakwisha. Nimemwuliza Mokaya anataka nini hasa.

"Iweke kwako. Ndani kabisa, isinikodolee macho."

Nimeng'oa michai niliyoipanda nikiwa kijana, nguzo ikasimama safu nne ndani ya shamba langu. Nina hasira hata nashindwa kuandika.

Ijumaa, 27 Machi

Mokaya amechuma chai yangu. Safu zote nne zilizo upande wake wa nguzo! Sokoni anawaambia watu: "Mwalimu hakosei kupima. Nguzo aliisimamisha mwenyewe." Wamecheka sana.

Kemunto anataka tuwaite wazee. Nimemkataza. Nikimshtaki, Mokaya ataing'oa nguzo kabla ya Jumatatu, siku ya kuvuta waya, na fundi hatarudi. Wizi wa mchana, nami nimezibwa mdomo na mti nilioupanda mwenyewe.

Jumanne, 31 Machi

Waya ulifika ghalani jana. Leo mashine imepiga mluzi, ikakoroma, ikanyamaza. Watu wakadhani imekufa. Kisha Kemunto akamwandikia rafiki yake Nairobi. Jibu likaja kabla chai haijapoa. Vigelegele.

Mokaya alikuwa benchi la mbele, na koti lake la kanisani. Amemwomba Kemunto amwandikie mwanawe aliyeko Amerika. Maneno yake hayakuwa na mwisho. Kemunto akayaandika yote, kwa adabu, bila kuinua macho. Mjumbe wa wafadhili ametia sahihi. Mashine inabaki.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua ya alfajiri, kisha jua. Kemunto aliamka kabla yangu, akapika uji, akaenda ghalani. Wanafunzi wake wa kwanza ni akina mama wa kikundi cha chai. Aliniachia bakuli, amelifunika kwa sahani. Uji ulikuwa bado moto.

Nimechuma peke yangu. Majani ni mazuri baada ya mvua. Nilipofika kwenye nguzo niligeuka, nikaziacha zile safu nne, nikaanza safu nyingine.