Yawo Azikwe Upande Gani

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Afadhali kazi. Nimeogesha wazee, nimewalisha, nimetandika vitanda, hakuna aliyenipa pole. Hapa nyumbani Guildford, Sydney, simu haikomi. Mume wangu Yawo yuko mochwari tangu wiki jana na bado sijui ndege impeleke wapi.

Shemeji Kodzo anasema Accra. Wifi Afi anasema Lomé. Wote wanasema "nyumbani". Baba mmoja, mama mmoja, nchi mbili. Aki sielewi.

Jumanne, 4 Machi

Kwetu Kakamega mtu hurudishwa kwao, anazikwa kando ya nyumba, basi. Yawo akiulizwa anatoka wapi alijibu, "Mpakani," akacheka. Nami nikacheka. Mjinga mimi! Sikuwahi kwenda. Safari ilikuwa daima ya mwaka ujao.

Namkasirikia marehemu. Hilo sitamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwomba Kodzo anieleze kijiji polepole, kama mtoto. Binti yetu Edem akachora. Woi! Nilidhani ni miji miwili. Kumbe ni njia ya miguu tu, na nguzo ya saruji ambayo mbuzi hujikunia. Mama mkwe na Afi wanakaa Togo. Kodzo yuko Ghana, ng'ambo ya njia. Wanaombana chumvi. Kisima Togo, shamba la mihogo Ghana. Baba yao amezikwa shambani.

Sasa shida iko wapi? Ashukie popote, wamvushe.

Jumamosi, 8 Machi

Shida iko. Maji huvuka, mihogo huvuka, bibi harusi huvuka. Jeneza lililoshuka kwenye ndege halivuki hivi hivi. Maofisa watalizuia, na jua lile. Kodzo anataka Yawo alale karibu na baba. Afi anasema mama hawezi tena kutembea hadi shambani, amzike mwanawe uani. Wote wana haki. Wamegombana mpaka Kodzo akakata simu.

Wananingoja mimi, mke wa kuja. Nikimchagua mmoja nimempoteza mwingine, na Edem amepoteza nusu ya kwao. Nimemfokea mtoto bure. Akanijibu kwa Kiingereza, akajifungia chumbani.

Jumapili, 9 Machi

Sikuenda kanisani. Mama mkwe amepiga mwenyewe, Afi akitafsiri. Hakulia. Ameuliza mtoto wa Yawo anaishi wapi. Nikasema hapa, Sydney. Akasema basi azikwe hapo, mtoto awe na pa kwenda. Wao niwatumie nywele na kucha zake. Kwao anayefia mbali hurudi hivyo, nao humlilia na kumzika kama wamepewa mwili mzima. Watamlilia uani kwa mama, kisha Kodzo atavuka njia nazo mfukoni, azizike kwa baba. Ofisa gani atauliza?

Kucha! Kwetu wangesema nimemtupa. Lakini Kodzo amekubali, Afi amekubali. Sijui kama nimefarijika au nimeibiwa.

Jumatano, 12 Machi

Tumeenda mochwari, mimi na Edem. Nywele amekata yeye. Kucha mimi. Ndani ya kucha mlikuwa na rangi nyeupe, ya nyumba ya mwisho aliyopaka kule mtaa wa Liverpool, hapa hapa Sydney. Edem akaniuliza, kwa Kiswahili, kama tuzisafishe kwanza.

Nikamwambia hapana. Tukazifunga hivyo hivyo.