Jina Analolilia Mtoto

Jumapili, 19 Mei 2024
Mtoto amelia usiku kucha tena. Asubuhi mama mkwe kaja na kauli yake: mtoto wa nyumba hii halii bure, analilia jina. Kwao ndivyo ilivyo. Kuna marehemu wa ukoo anamtaka mtoto. Basi humjia mtu ndotoni, au mtoto mwenyewe hunyamaza akitajiwa jina lenyewe. Mpaka hapo binti yangu ni "Mtoto wa Asnath", kama walivyoandika kliniki.

Siku ya jina ni Jumamosi, tarehe mosi Juni. Pombe ya ulezi imeshaanza kuandaliwa. Kila mtu aseme anachoota, na mimi zaidi, kwa kuwa ndiye mama.

Sawa. Mimi siamini kichwa changu bila kuandika. Daftari hili litakaa chini ya mto. Nikizinduka, naandika kwanza, ndipo nanyonyesha.

Ninachotaka mimi ni Katarina. Bibi yangu, aliyenilea kule Kipili, ziwani. Zenon alishakubali nikiwa na mimba. Nadhani alikubali. Alisema "mmh".

Jumanne, 21 Mei
Nimelala vipande vipande. Ndoto: dagaa wameanikwa juu ya paa letu hapa Mollo, mvua inakuja, sina ngazi. Nilimweleza mama mkwe. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Dagaa siyo jina, mwanangu! Lala vizuri."

Nilale saa ngapi?

Jumatano, 22 Mei
Sikulala. Sikuota.

Alhamisi, 23 Mei
Mama mkwe ameota.

Ametangaza wakati wa chai, tukiwa wote jikoni kwa sababu ya baridi. Ameota Salome. Kavaa kitenge cha bluu chenye ndege, kabeba ungo wa ulezi, kasimama mlangoni: "Mama, nimekuja kwa mtoto wangu." Wifi yangu Fransiska akapiga makofi. "Ee Bwana!" Zenon akaweka kikombe chini. Hakushtuka — hilo nimeliona.

Salome ndiye mke wake wa kwanza. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaolewa. Sikuwahi kumwona. Hakuacha mtoto.

"Mtoto wangu!" Wa kwake tangu lini? Nimembeba mimi.

Mama anasema aliota alfajiri ya leo. Lakini alfajiri ya leo alikuwa na mimi. Jogoo wa kwanza anawika, yeye anachochea moto, mimi namkanda mtoto tumbo. Hakusinzia hata kidogo. Sasa aliota saa ngapi?

Ijumaa, 24 Mei
Nimemuuliza taratibu, tukipukuchua mahindi, kama mtu anayetaka tu kusikia tena utamu wa hadithi. Leo ndoto ni ya mchana, alipitiwa na usingizi kwenye kiti. Kitenge ni cha kijani. Ungo hakuna.

Halafu nikakumbuka picha iliyopo ukutani kwake. Salome, kitenge cha bluu, ndege. Ameota picha!

Nikamnong'oneza Fransiska. Yeye ni mtu wa maneno, lakini si mbaya.
"Wifi, ndoto haina risiti," akasema. "Utamdai wapi?"
"Kwa hiyo hata wewe huamini?"
"Mimi naamini pombe itaiva Jumamosi ile."

Jumapili, 26 Mei
Sielewi. Naandika tu ilivyokuwa.

Baada ya misa wanawake wa jumuiya walipita kumwona mtoto. Alikuwa analia hadi sauti inakatika. Mama mkwe akamchukua, akaanza kumtajia majina. Akataja la mama yake mzazi. Kilio. La shangazi wa Zenon. Kilio. Katarina — hili kalitaja haraka haraka, kama mtu anayekanyaga kaa la moto — kilio. Akasema, "Salome."

Kimya.

Siyo kwamba alichoka. Aligeuza kichwa. Alitafuta sauti. Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akanikumbatia akanipongeza. Nilicheka pamoja nao.

Ndoto naweza kuipinga. Hiki nitakipingaje?

Jumatatu, 27 Mei
Mtoto hajui maneno. Anajua sauti alizozizoea. Mbuzi hukimbilia mlio wa bakuli la chumvi, si kwa sababu anaitwa na wafu. Kuna mtu kamzoesha.

Mama mkwe? Analala nyumba yake. Fransiska yuko mjini mchana kutwa, anauza mitumba.

Sitaki kuandika aliyebaki.

Jumanne, 28 Mei
Nimeandika.

Jana usiku mtoto alipolia nilijifanya nimelala. Zenon akaamka, akamchukua, akamfunika na koti lake, akaenda naye sebuleni. Hufanya hivyo tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa najisifu kwa majirani: mume wangu si kama waume wengine, anaamka!

Nikasimama nyuma ya pazia, miguu mitupu kwenye sakafu.
"Nyamaza, Salome. Salome wangu. Haya, Salome, lala."
Mtoto akanyamaza. Yeye akaendelea kuita. Mtoto ameshalala, anaita tu.

Kumbe kila usiku.

Jumatano, 29 Mei
Nilimfuata kibandani kwake anakotengeneza pikipiki. Sikutaka tuongelee nyumbani, kuta za kule zina masikio ya mama. Alikuwa ananawa grisi kwa petroli.
"Nimekusikia juzi," nikamwambia.
Akaendelea kunawa. Mikono ilishatakata, ananawa tu.
"Mama aliniuliza nataka jina gani," akasema mwishowe. "Nikamwambia."
"Akaenda akaota?"
"Unamjua mama."
"Na Katarina?"
"Asnath, bibi yako ana wajukuu hawahesabiki. Salome hakuacha mtu. Hakuna mahali anapotajwa tena."
"Kwa hiyo mimi ndiye nimtaje? Salome njoo ule. Salome kanawe. Mpaka nizeeke?"
Akasema hakuwa amefikiria upande huo. Namwamini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi — kwamba hakufikiria.

Mteja akaja na tairi. Nikaondoka.

Ijumaa, 31 Mei
Usingizi hakuna. Kichwa kinavuma kama mashine ya kusaga.

Nimeamua. Kesho nami nitakuwa na ndoto. Mama aliharibu kwa sababu hakujipanga. Mimi nimejipanga. Mwotaji: mimi. Saa: usiku, kabla ya jogoo, mtoto akiwa ananyonya. Bibi Katarina, khanga nyeusi na nyeupe aliyozikwa nayo, anapita mlango wa nyuma, anamshika mtoto kisigino. Haongei. Asiyeongea hakamatiki kwa maneno. Nimeirudia mpaka mimi mwenyewe naiona.

Mungu anisamehe. Wao wameanza.

Jumamosi, 1 Juni
Asubuhi. Naandika haraka.

Nimelala. Kweli nimelala, Fransiska alimbeba mtoto mgongoni wakati wanachuja pombe. Na nimeota.

Salome. Siyo bibi. Hakuvaa kitenge. Kavaa koti la Zenon, lile la kazini, kakaa ukingoni mwa kitanda, upande wangu. Miguu mitupu imepauka kwa baridi. Anapiga miayo. Alipopiga miayo nikaona jino la mbele limemeguka. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kama mimi. Akasema, "Dada, kila usiku ananiita. Silali."

Basi. Nikaamka.

Nilimuuliza Fransiska, meno ya Salome yalikuwaje. Akanitazama. "Moja la mbele lilimeguka, alianguka na ndoo kisimani. Zenon hakukwambia?"

Labda aliniambia. Sikumbuki. Nimepekua daftari hili lote, halimo. Lakini siandiki kila kitu. Kwenye picha amefunga mdomo.

Na hata kama! Ndoto inayonipa ninachotaka, siku yenyewe ninayoihitaji. Mama mkwe angeniletea hii ningemcheka. Ningemuuliza: saa ngapi? Koti gani? Kila nilichomshuku nacho kinaniangukia na mimi.

Mchana, chumbani. Nimeingia kunyonyesha. Uani kumejaa watu. Mama mkwe ameshasimulia yake, kitenge kimerudi kuwa cha bluu. Watu wakaitikia "eeee" kwa pamoja. Sasa baba mdogo Eustaki, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, amesema kwa desturi mama mtoto husema wa mwisho. "Naye akikubaliana, tumalize, tunywe." Wamecheka.

Ndoto ninazo mbili. Ya bibi wataiamini, imenyooka. Ya Salome haina hata jina la kumpa mtoto. Na nikiisema mbele ya watu, Zenon atakuwa uchi.

Zenon amekuja mlangoni. "Wanakungoja." Halafu kwa sauti ya chini, "Umeota?"
"Nimeota."
Akangoja. Nilitaka kusema khanga nyeusi na nyeupe. Ilikuwa tayari mdomoni. Nikasikia nasema, "Anasema hapati usingizi."

Hakuuliza ni nani. Alishika fremu ya mlango. Kisha akanyoosha mikono, akamchukua mtoto kabla hajashiba, akatoka.

Sasa mtoto analia huko nje. Nawasikia wanawake: "Mwite! Mwite jina lake, anyamaze!" Mama mkwe anamwita Zenon, mara ya pili, mara ya tatu. Namwona Zenon kupitia dirisha. Anamtikisa mtoto kifuani, anazunguka, anasema shii, shii, shii. Jina la Salome halitamki.

Baba mdogo amegonga dirisha. "Mama mtoto! Tunakusikiliza wewe."