Majani ya Madoa

Kisauni, Jumapili

Baba, shikamoo.

Nazi tano na gunia la majani ya viazi vyote vimefika salama. Kanze, aliyeniletea mzigo, anasema ulipanda hadi shambani ukayakata mwenyewe na magoti yako hayo mabovu, ili Madoa ale huku maabarani ninakofanya kazi.

Kosa ni langu, baba. Siku ng'ombe wako alipokufa nilikwambia kwenye simu usihuzunike, kwamba Madoa yu hai na ninaye huku. Nilitaka kukupoza. Kilicho hai ni chembe za ile ngozi niliyomkata sikioni. Tumezirudisha utotoni, zikawa zinaitwa seli shina, na sasa tunazikuza ziwe chembe za damu. Zote zinaenea kwenye kisahani kidogo kuliko kiganja chako. Hazina mdomo wa kulia majani. Kisha tunazitia ndigana, ugonjwa uleule wa kupe uliomuua, tupate kujua namna ya kuwakinga ng'ombe wengine.

Na hili pia nikwambie. Uliponiita nije na dawa, nilikuja na wembe na kichupa. Dawa nilisema ningeileta Ijumaa. Alikufa Alhamisi.

Majani nimempa jirani mwenye mbuzi. Usikate mengine, na ile kamba ya Madoa ifungue kigingini. Huku kila Jumanne namwambukiza Madoa upya kwa mkono wangu, na kila Jumanne nakuwa nimekuja tena bila dawa.

Mwanao aliyekucheleweshea dawa,
Mweri