Mita Nne za Mpakani

Jumanne, 4 Julai
Nimekamua. Ng'ombe ametoa kidogo, ni baridi. Hapa kijijini Kanja kote ni ukungu.
Muthoni wangu amekuja kutoka Embu mjini na kile kimashine cha kazini kwao, cha kupima mashamba. Kinatoshea mkononi. Shemeji Njeru, ndugu ya marehemu mume wangu, anasema mpaka wetu ulisogezwa. Muthoni alitaka kunisaidia, yaishe.
Alisimama kwa jiwe la kona ya Njeru, akalenga mti wa mpaka. Karatasi ya shamba lake inasema upana ni mita sitini. Kimashine kikasema hamsini na sita.
Njeru alicheka. "Mama Muthoni, mashine haina shangazi wa kupendelea. Marehemu alikula mita nne zangu."
Mita nne kuingia kwangu ni pale kaburi la Baba Muthoni lilipo. Sijakula.

Jumatano, 5 Julai
Muthoni alisema ni ukungu, unatawanya mwanga wa kimashine. Tukangoja jua. Saa saba akapima tena. Hamsini na sita na kidogo. Tena: hamsini na tano na nusu. Jua kali, hata ile nukta nyekundu ya kimashine haionekani imeangukia wapi. Akasema labda mkono unatetemeka, akakiweka juu ya jiwe. Bado.
Amelia jikoni. Ni yeye alikileta.
Nina hasira na hicho kitu. Naogopa pia. Kama ni kweli? Kusogeza mpaka ni laana, hata Biblia imesema. Baba Muthoni alikuwa na mambo yake, lakini hilo hapana.

Alhamisi, 6 Julai
Njeru alikuja na kamba na vigingi. Akapiga kimoja karibu na kaburi. Jumamosi anamaliza.

Ijumaa, 7 Julai
Nimeuliza Muthoni kinajuaje umbali. Kinatuma mwanga, unagonga kitu, unarudi. Kinahesabu muda wa kwenda na kurudi. Basi.
Nikakumbuka nikimtuma mtoni akiwa mdogo. Nilijua muda wake. Akirudi mapema, hakufika. Amechota kwa pipa la jirani.
Nikaenda mpakani. Nepia, zile nyasi za ng'ombe, imelifunika shina la mti, imeota hadi ndani kwa Njeru, ndefu kunishinda. Kwetu mtu hapeleki panga mpakani peke yake, ataitwa mwizi. Na mimi na Njeru hatujaongea vizuri tangu mazishi. Hakuna aliyekata.
Nikamwambia Muthoni, mwanga wako umeishia kwa jirani. Upepo ukipiga nyasi, ndiyo hizo namba zinacheza.
Akaziangalia nyasi. Halafu akajishika kichwa. "Mami, na mimi ndiye nilisoma!"

Jumamosi, 8 Julai
Nilimwambia Njeru tufyeke nepia. Akasema, "Sasa unataka kufyeka ushahidi?" Nikamwambia akate kwake, mimi nikate kwangu, tuonane. Tulikata bila kuongea.
Muthoni akapachika kadibodi nyeupe kwa mti. Gome jeusi lililolowa halirudishi mwanga vizuri, anasema.
Sitini. Mara tatu. Tofauti ni upana wa ukucha.
Njeru akasema, "Lete hapa." Akabonyeza mwenyewe. Sitini. Akaangalia kile kioo muda mrefu, halafu akaenda kung'oa kigingi cha kaburini. Hakuomba msamaha.
Mimi nilikaa chini hapo hapo kwa nyasi.

Jumapili, 9 Julai
Kanisa. Muthoni amerudi mjini.
Nimekuta mzigo wa nepia umewekwa kwa zizi. Umefungwa na ile kamba ya Njeru.
Ng'ombe amekula yote. Kamba nimeikunja, nitamrudishia kesho na maziwa kidogo.