Uzi Mwekundu wa Kijitoni

2 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila wiki hii niko zamu ya alfajiri na tanuri za mikate hazina huruma. Ulisema simu yako ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Sitauliza ilifikaje huko. Nakuandikia barua.

Baba, nitasema moja kwa moja. Ni miezi minane tangu tumzike Mama, na sita tangu upatwe na kiharusi. Jirani yetu muuguzi ananiambia hutoki. Unakaa kitini, dirisha umelifunga, cherehani umeifunika shuka, na wateja umewarudishia vitambaa vyao. Daktari alikuambia utembee, ukamjibu kwamba miguu ni yako.

Likizo yangu inaanza mwezi wa tano. Nitakuja kukuchukua tuishi wote. Chumba kidogo nimekipaka rangi na kitanda kipo. Ni ghorofa ya nne, lakini kuna lifti. Dirisha linatazama ukuta wa ghala, ila mwanga kidogo unaingia. Nyumba tutaipangisha. Usinikasirikie. Siwezi kufanya kazi huku nawaza kwamba umeanguka na hakuna aliyesikia.

Binti yako

*

14 Februari

Kwa bosi wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Mguu wa kushoto bado unajifanya mgeni, tunaishi nao hivyo hivyo. Wewe je, unakula, au unawaokea wengine tu?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikakasirika zaidi, ya tatu nikaona umesema kweli. Lakini kukaa ghorofa ya nne natazama ukuta, hapana. Nyumba hii niliingia na mama yako tukiwa na mkeka mmoja. Nikitolewa humu nimekwisha, sikufichi.

Tufanye makubaliano. Unaukumbuka ule msitu wa hifadhi nyuma ya pampu ya maji, ambako mama yako alikupeleka kila Jumapili na wewe ukalia kwamba miguu inauma. Njia ni moja tu: lango, kijito, halafu kilele cha kilima. Nikifika kileleni kabla ya likizo yako, nabaki kwangu. Nisipofika, nitafunga sanduku mwenyewe na sitanung'unika hata nusu neno.

Ili usiseme nakudanganya, kila nitakapofika nitafunga uzi. Wa bluu langoni, mwekundu kwenye ule mti ulioinamia kijito, mweupe kileleni. Mtume muuguzi wako akakague.

Baba yako, fundi

*

26 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi nakula, usihofu, na suruali zinathibitisha.

Nimekubali, kwa sababu naamini hutafika. Samahani, lakini mimi mwenyewe lifti ikiharibika napumzika katikati ya ngazi, na nina miguu miwili mizima. Chukua fimbo. Usiende mvua ikinyesha. Kitanda bado nakitandika.

Binti yako

*

23 Machi

Kwa bosi wangu,

Marahaba, habari za siku nyingi. Mimi sijambo, na leo nalisema neno hilo kwa maana yake.

Wiki ya kwanza niliishia kwa muuza mkaa, nyumba ya sita kutoka kwetu. Kila siku naishia hapo, mpaka akaniwekea kigoda. Nikaona aibu, nimekuwa fenicha ya duka la mtu. Tarehe tisa nikajikaza nikafika langoni, nikafunga uzi wa bluu kwenye nguzo. Nilikaa chini kwa sababu kurudi nilikuwa siwezi. Mwanangu, miaka arobaini ya ufundi nilidhani kijani ziko tatu au nne, zile za dukani. Pale nilipokaa nilihesabu kumi na moja, tena kwenye majani tu, sijagusa ukoka. Nikamkumbuka mama yako, ambaye kila mara alinishauri nitoke nikatazame, na mimi kila mara nilikuwa na pindo la kumalizia. Nililia kidogo. Hakuna aliyeniona ila mjusi.

Jana nimefika kijitoni. Mwekundu nimeufunga fundo la kifungo cha koti, halikatiki ovyo. Nikavua viatu nikatia miguu majini, na mguu wa kushoto ukasikia baridi. Miezi saba ulikuwa hausikii kitu. Nilipiga kelele nikatisha ndege wote.

Niliporudi nilifungua dirisha.

Baba yako, fundi

*

8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Barua yako niliisoma kazini mbele ya tanuri, nikaungua mkono kwa furaha. Halafu nikamwomba muuguzi aende. Uzi wa bluu ameuona. Kijitoni ameuzunguka mti mara mbili, shina na matawi ya chini, hakuna uzi mwekundu wala alama yake. Maji yale uliyotia miguu yalikuwa ya kwenye ndoo, siyo?

Ungeniambia tu umechoka, ningeelewa. Lakini kunitungia hadithi ya mguu kusikia baridi, na kumtia Mama ndani yake, hilo limeniuma sana. Makubaliano yamekwisha. Nakuja tarehe tatu Mei. Funga vitu vyako.

Binti yako

*

12 Aprili

Salamu.

Uzi niliufunga kwa mikono yangu. Nilipokwenda tena sikuukuta, nikafunga mwingine, nao umepotea. Aliyeuchukua simjui. Sina la kuongeza.

Fundi

*

3 Mei, kileleni

Baba,

Shikamoo, popote ulipo. Naandika nyuma ya ile barua yako fupi, ndiyo karatasi niliyo nayo. Nimeitembeza kwenye mkoba karibu wiki tatu kwa sababu hukuandika "baba yako".

Nilifika nyumbani asubuhi na sanduku tupu la nguo zako. Mlango umefungwa, dirisha wazi. Nikachungulia, cherehani haina shuka na kuna suruali ya mtu imelala juu yake. Muuza mkaa akaniambia, "Fundi kapita zamani. Siku hizi anatembea utadhani anawahi harusi."

Nikaja na hasira zangu zote. Kijitoni niliuzunguka mti, hakuna kitu, nikasema nilijua tu. Nikainama kunawa uso, nikaona chekundu kinachezacheza majini. Nikatazama juu. Kwenye tawi lililoning'inia juu ya maji, wale ndege wa manjano wamesuka viota vyao, na ndani ya majani makavu umepita uzi wako, ndani nje, ndani nje. Kiota cha pili nacho kina wa kwake. Walikuibia, Baba, nyuzi zote mbili. Na mimi nikakuita mwongo. Nimekaa kwenye jiwe nikalia mpaka nikachoka. Nisamehe.

Uzi mweupe nimeuona. Nimepumzika mara sita kuufikia, na viatu nimevivua. Kwa miaka mingi sijaona mbali hivi. Kazini naona moto na saa ya ukutani. Kifua changu kimefunguka, hata sijui kilifungwa lini.

Nilitaka nishuke, nikaona uzi wa kijani upande wa pili wa kilima. Mbele yake mwingine. Hatukukubaliana hivyo. Miguu yangu imegoma, siwezi kukufuata. Umeshinda, Baba. Barua naifunga hapa kwenye uzi mweupe. Nakaa chini ya mti huu dakika kumi tu, kisha nitashuka.

Binti yako

*

Siku hiyo hiyo, chini ya maneno yako

Kwa bosi wangu,

Marahaba, mwanangu. Nimerudi kutoka upande wa pili, nimekukuta umelala usingizi mzito na viatu umevikumbatia. Sikuamshi. Mama yako alinisimulia kwamba naye ulikuwa ukimlalia hapa hapa.

Hao wezi nimewasamehe, ni mafundi wenzangu. Wewe nilikusamehe siku nyingi, ila nilikuwa najidai.

Nimekaa pembeni yako, nakusubiri. Ukiamka tutashuka polepole. Kwenye mteremko wa kijito pana utelezi, usiogope, nitakushika mkono.

Baba yako, fundi