Patasi ya Mti

3 Machi

Mama, shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, kikohozi kimeniacha.

Yale mageuzi uliyoyasikia redioni yamefika mpaka kwenye karakana yetu ya useremala. Askari wameondolewa, vifaa tunatunza wafungwa wenyewe, na nyapara wa karakana, usicheke, ni mimi! Kila kifaa kimechorewa umbo lake ukutani, kwa hiyo kisichorudi nakijua mara moja. Mtihani ni tarehe ishirini na nane. Anayefaulu anapunguziwa mwaka mzima. Hata barua hazifunguliwi tena, andika chochote.

Mwanao

10 Machi

Marahaba mwanangu. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko hiyo redio. Nimecheka mpaka jirani akachungulia. Wewe uliyekuwa unarudi shuleni na kiatu kimoja, leo ndiye mtunza vifaa! Chumba cha mbele nimekutengea. Dirisha lake bovu, linamsubiri fundi.

Mama yako

17 Machi

Mama, shikamoo. Leo sina utani. Tangu Jumanne patasi moja haionekani. Nikisema, karakana itafungwa, mtihani utafutwa, na wenzangu ishirini na mmoja hawatanisamehe. Basi nimechonga nyingine ya mti, nikaipaka rangi ya chuma, nikaitundika pale pale. Mkaguzi anahesabu kwa macho, anatia sahihi, anaondoka.

Ila naogopa, Mama. Kuna mtu analala na ile ya kweli, na simjui ni nani wala anamkusudia nani. Zimebaki siku kumi na moja tu. Usimwambie mtu.

Mwanao

22 Machi

Mwanangu, barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini. Mtihani utafanya hata mwakani. Nikikupoteza wewe nitampata nani?

Nisamehe, nimeshindwa kunyamaza. Jana nilikuja kumwona mkuu wa gereza, nikaambiwa yuko kikaoni. Lakini mapokezi nilimkuta mtu mpole sana, mfungwa pia, siku hizi ndio wanaopokea wageni. Nikamweleza yote. Aliniuliza jina lako mara mbili, akaahidi kumfikishia mkuu yeye mwenyewe. Akanituliza kwamba anakufahamu vizuri, mnasoma useremala darasa moja.

Nijibu upesi.

Mama yako

29 Machi

Mwanangu, hujambo? Wiki nzima kimya. Nimeona nije mwenyewe, naandika hapa hapa kwenye benchi la wageni.

Yule mpole hayupo. Mapokezi wamerudi askari, wana bunduki. Karakana ina kufuli. Nimeuliza kama jana mtihani ulifanyika, askari akainamia daftari lake. Nimetaja jina lako, wakatazamana, wakasema nisubiri.

Wenzangu wote wameshaitwa, wamewaona watu wao, wameondoka. Nimebaki peke yangu. Sasa hivi mkuu mwenyewe ametoka ofisini, amevua kofia, ameniletea kiti na glasi ya maji. Miaka minne nakuja hapa, baba, hakuna aliyewahi kuniletea kiti.

Mama yako